Maji ya Ngarambe na Maji ya Ubatizo: Nidhamu ya Kiroho katika Historia ya Umatumbi

Utangulizi

Msafiri anayetoka pwani ya Kilwa kwenda Kipatimu huiacha bahari nyuma yake na kupanda milima ya Matumbi. Ni nchi ya mabonde, mapango na mashamba ya mteremkoni. Pale Kipatimu pana misheni ya Kikatoliki, na majirani wengi wa misheni hiyo ni Waislamu wanaofunga Ramadhani kila mwaka. Historia ya Kikristo ya milima hii imeandikwa zaidi na Wakatoliki kuliko sisi Walutheri, na huenda ndiyo sababu wanafunzi wa vyuo vyetu vya theolojia huipita haraka wanaposoma habari za Kanisa Tanzania. Hata hivyo, karibu na Kipatimu kipo kijiji cha Nandete, na hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanzia mwishoni mwa Julai 1905.

Vita hivyo vimekwisha kuandikwa sana kwa upande wa siasa na uchumi. Makala haya yanakusudia kuvitazama kwa upande mwingine, yaani kama historia ya nidhamu ya kiroho. Waliokunywa maji ya Ngarambe walikuwa watu waliofunga safari ya ibada, wakashika miiko, wakajinyima, wakatii. Swali letu ni hili: nidhamu yao ilikuwa ya namna gani, nayo ilipovunjika mbele ya risasi, ilitufundisha nini sisi tunaowaambia watu wafunge, waombe na kukesha katika jina la Kristo? Swali hili si la wanahistoria peke yao. Kila mchungaji aliyewahi kuulizwa na mgonjwa, "Nimefunga na kuomba, mbona sijapona?" amekwisha kukutana nalo.

Nidhamu ya Ngarambe

Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani chini ya Gavana von Götzen ilianzisha kilimo cha pamba cha lazima katika sehemu za kusini na pwani. Watu walitolewa katika mashamba yao wenyewe wakalime shamba la serikali chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, na kiboko kilikuwa karibu. Kodi nayo ilidaiwa. Umatumbini akida alikaa Kibata, na kumbukumbu za wazee wa huko zimejaa habari za mapigo na aibu. Huu ndio udongo ambamo mbegu ya Maji Maji ilipandwa, wala si haki kuieleza imani ya watu wale bila kuanza na migongo yao.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, mtu mmoja aitwaye Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo wa maji aitwaye Hongo. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria G.C.K. Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba alizama katika kidimbwi, akakaa humo, kisha akatoka nguo zake zikiwa kavu. Baada ya hapo akafundisha kwamba watu wote ni wamoja, kwamba wafu wa koo zote wako Ngarambe, na kwamba dawa yake ingewakinga wapiganaji na risasi. Dawa hiyo ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Watu wakafunga safari kutoka Umatumbi, Kichi, Rufiji na mbali zaidi, makundi kwa makundi, wakaenda kuyapokea.

Hapa ndipo tunapopaswa kukaa kidogo, maana wengi hukumbuka maji tu na kusahau yaliyoambatana nayo. Aliyepokea maji alipokea pia miiko. Alitakiwa kujiepusha na mwanamke wakati wa vita. Alikatazwa kupora mali. Alikatazwa uchawi. Miiko hii haikuwa sawa kila mahali, lakini sura yake ilikuwa moja: mwili na tamaa zake ziwekwe chini ya amri, ili kundi zima lisimame kama mtu mmoja. Habari zenyewe zilienezwa kwa kunong'onezana, na vijana walifanyishwa mazoezi ya kivita.

Tusiidharau kazi iliyofanywa na nidhamu hiyo. Iliwaunganisha watu wa koo ambazo hazikuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Iliwapa wanyonge moyo wa kusimama wima. Pale Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya kwanza ya pamba, na kwa kitendo hicho kidogo cha mikono miwili walitangaza vita juu ya dola kubwa. Mwezi mmoja baadaye moto ulikuwa umeenea kusini yote. Hatimaye makabila zaidi ya 20 yaliingia vitani. Ni makusanyiko machache katika historia yetu yaliyowahi kuwaunganisha watu wengi namna ile kwa muda mfupi namna ile.

Maji yaliposhindwa

Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakaanguka mbele ya bunduki za rashasha. Risasi hazikugeuka maji. Baada ya hapo serikali ilitumia silaha nyingine iliyo mbaya kuliko bunduki: ilichoma vijiji na kuharibu vyakula shambani na ghalani. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Gwassa, baada ya utafiti wake, aliona hesabu hiyo ni ndogo mno, akataja watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Katika milima ya Matumbi watu walijificha mapangoni.

Sasa tuangalie jinsi watu walivyoyaeleza maafa hayo. Wengine walisema waziwazi kwamba maji yalikuwa uongo. Lakini palikuwa na maelezo mengine, nayo ndiyo yanayotuhusu zaidi: ilisemekana kwamba waliokufa walivunja miiko. Huyu hakujizuia na mkewe, yule alipora. Maji hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la aliyekufa.

Maelezo hayo ni mepesi kueleweka, tena yana kawaida ya kujirudia. Nidhamu yo yote iliyotolewa kwa ahadi ya kinga huwa na mlango wa nyuma kama huo. Kinga ikifanya kazi, dawa inasifiwa. Isipofanya kazi, mshikaji wa miiko analaumiwa. Dawa haiwezi kamwe kushindwa. Mtu peke yake ndiye awezaye kushindwa. Hivyo mjane wa Umatumbi aliyempoteza mumewe kwa risasi alizika maiti mbili: mwili wa mumewe na heshima yake.

Bwana wetu alikutana na hesabu ya namna hii. Katika Luka 13 watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kabisa kusema kwamba wafu wale walikuwa na dhambi kuliko wengine. Kisha akawageukia waliokuwa hai, akawaita watubu. Angalieni mwelekeo wa neno lake: toba yatakiwa kwa walio hai, wala wafu hawapelekwi mahakamani.

Waliovaa kanzu hawakukingwa

Mwandishi wa Kikristo angeweza kuishia hapo, akasema kwamba maji ya uongo yalishindwa na maji ya kweli yakashinda. Historia haituruhusu.

Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, akiwa safarini kutoka pwani ya Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa huko Mikukuyumbu karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwisho wa mwezi huo misheni ya Nyangao ilishambuliwa na sista mmoja akauawa. Lukuledi ilichomwa, na Masasi ya Waanglikana ilichomwa. Huko Ubena, kituo cha Yakobi cha Misioni ya Berlin, ambacho ni cha urithi wetu wa Kilutheri, kilishambuliwa mwezi Septemba. Wabenediktini wale walikuwa watu wa kanuni kali kuliko wapiganaji wa Ngarambe: sala kwa saa zake, ukimya, useja, kazi ya mikono, utii kwa mkubwa wa nyumba. Kama nidhamu ya kiroho ingekuwa ngao ya kuzuia mkuki, Askofu Spiss angefika Peramiho.

Kuna tukio jingine lililo gumu zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 serikali iliwanyonga Songea mjini viongozi wa Wangoni kwa makumi. Kabla ya kunyongwa, baadhi yao walibatizwa na padri Mbenediktini. Msomaji Mkristo hawezi kulisoma tukio hili kwa moyo mwepesi. Maji yale yalimiminwa chini ya serikali ile ile iliyosokota kamba. Wapo wanaouliza kama mtu aliyefungwa pingu aweza kuchagua lo lote, nalo ni swali la haki. Lakini yatupasa kuliona na jambo la pili. Mtu yule alikuwa amekwisha kupokea maji mara moja, akaahidiwa kwamba hatakufa. Sasa alipokea maji mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemwahidi kwamba shingo yake itapona. Kama kulikuwa na ahadi yo yote ya kweli asubuhi ile, ilikuwa ng'ambo ya kamba.

Hapo ndipo tofauti ya maji mawili inapoonekana bila kupambwa. Maji ya kwanza yaliahidi kumzuia mtu asife. Maji ya pili, kwa mafundisho ya Mtume Paulo katika Warumi 6, humzika mtu pamoja na Kristo ili aishi upya.

Baada ya vita, watu wa kusini hawakuacha kutafuta nidhamu ya roho. Wabenediktini walianza upya, wakajenga Ndanda mwaka 1906. Wengi zaidi wa pwani na bara yake walijiunga na Uislamu, na dhikiri za tarika zikakusanya watu waliokuwa wamevunjika moyo. Mwaka 1908 waraka uliosemekana kutoka Makka ulienea kutoka Lindi, ukiwaita Waislamu watubu kwa kuwa mwisho umekaribia, na serikali ikaingiwa na hofu ikidhani Maji Maji yanarudi. Kushindwa kwa maji hakukuwafanya watu kuwa wapagani wa moyo. Kuliwafanya watafute mahali pengine pa kusimama. Mhubiri anayedhani kwamba watu wa Kilwa na Lindi walikuwa wakingoja kufundishwa kufunga na kuomba hajui historia yao.

Luther na kinyozi wake

Martin Luther aliijua nidhamu ya kutafuta kinga. Aliingia nyumba ya watawa Erfurt mwaka 1505 kwa sababu ya nadhiri aliyoiweka akiogopa radi. Humo alifunga, akakesha, akaungama mara kwa mara, hata baadaye akasema kwamba aliuharibu mwili wake. Kwa lugha ya Umatumbini tungesema alishika miiko yote, naye bado aliogopa risasi ya hukumu. Alipogundua kwamba haki ya Mungu hupokewa kwa imani, wengi walidhani kwamba ataitupa nidhamu yote. Hakufanya hivyo. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 26, lafundisha kwamba Mkristo anapaswa kuuzoeza mwili wake, mradi asifikiri kwamba kwa kufanya hivyo anastahili neema. Katekisimo Ndogo ya 1529 yaeleza kwamba kufunga kabla ya Meza ya Bwana ni adabu njema ya nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeliamini neno la ahadi. Na juu ya ubatizo yaeleza kwamba nguvu haimo katika maji yenyewe bali katika Neno la Mungu lililo pamoja na maji. Na kwamba ubatizo huo ni kazi ya kila siku, mtu wa kale akizamishwa kwa toba na mtu mpya akiinuka. Hii ndiyo nidhamu ya Kilutheri kwa kifupi: kurudi kila siku katika maji tuliyokwisha kupewa bure.

Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf, kijitabu cha kumfundisha kuomba. Alimshauri aanze asubuhi na kumaliza jioni kwa sala. Azichukue Amri, Sala ya Bwana na Imani. Na katika kila amri atafute mambo manne, yaani fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Akasema kuomba kunahitaji uangalifu kama vile kinyozi anavyohitaji kuutazama wembe wake. Ni mojawapo ya maandiko mazuri ya uchungaji katika Kanisa letu.

Lakini historia haikuishia hapo. Wakati wa Pasaka ya mwaka huo huo, Peter alimchoma kisu mkwewe mezani, akafa. Luther aliingilia kati kumwombea, na Peter hakuuawa, bali alifukuzwa mjini na kupoteza mali yake. Mwanafunzi aliyeandikiwa somo la sala na mwalimu mkuu kuliko wote wa karne ile alianguka. Kijitabu hakikuwa kinga. Hata hivyo Luther hakukiondoa, wala hakusema kwamba Peter hakuomba vya kutosha. Alisimama upande wa mtu aliyeanguka.

Miiko ndani ya usharika wetu

Tukisoma haya tunaweza kujidanganya kwamba mambo ya Ngarambe yamepita. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwamo viongozi wa nchi, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500 kutoka kwa Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, aliyefariki mwaka 2021. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020, huko Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Hatuwahukumu wafu hao. Walikuwa wagonjwa na wenye shida, kama wale wa Umatumbi walivyokuwa chini ya kiboko. Mwenye kustahili kuulizwa ni yule anayeahidi, na pia sisi tulionyamaza.

Wala tusiwaonyeshe wengine kidole tu. Katika sharika zetu nidhamu ya roho mara nyingi imekuwa orodha ya miiko yenye kuambatana na vitisho. Uamsho wa Afrika Mashariki uliofika Bukoba katika miaka ya 1930, na kumlea mtu kama Askofu Josiah Kibira, ulitupatia zawadi kubwa ya kutembea nuruni na kuungama dhambi waziwazi. Lakini kila uamsho hujaribiwa ugeuke kuwa sheria: nani amevaa nini, nani amekunywa nini, nani amesimama kutoa ushuhuda. Na panapokuwa na mfungo wa siku nyingi kwa ajili ya mgonjwa, kisha mgonjwa akafa, mara nyingi husikika matangani mnong'ono ule ule wa mwaka 1905: labda imani ilikuwa haba, labda mmoja wa wafungaji alikula.

Mchungaji anayeusikia mnong'ono huo na kunyamaza amekwisha kuwa mtumishi wa Hongo, hata kama amevaa joho na kola.

Jinsi ya kupima

Historia ya Umatumbi yatupatia vipimo ambavyo mchungaji anaweza kuvitumia kabla ya kuitangazia jumuiya mfungo au mkesha. Kwanza, tujiulize nani atalaumiwa jambo tunaloliomba lisipotokea. Kama jibu ni kwamba mwombaji ndiye atakayelaumiwa, tunagawa dawa, hatufundishi sala. Vijana watatu wa Danieli 3 walikiri kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Mfungo usioweza kusema "hata asipotuokoa" haujafika bado kwa Mungu wa Biblia.

Pili, tuangalie nidhamu yetu yaelekea wapi. Mfungo anaoutaka Bwana katika Isaya 58 hulegeza vifungo vya nira na kumgawia mwenye njaa chakula. Hapa wapiganaji wa Nandete wanatushitaki. Miiko yao ilikosea katika ahadi, lakini haikukosea kuona kwamba roho na jembe haviachani. Waliijua nira, wakataka kuivunja. Kwaresima yetu ikimwacha mkulima wa korosho au wa ufuta akipunjwa kwenye mizani, nasi tumejinyima nyama tu, nidhamu yetu ina upungufu kuliko yao.

Tatu, tutazame kama inaweza kuendelea pasipo ushindi. Dietrich Bonhoeffer aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji huko Finkenwalde, kuanzia 1935 hadi polisi wa Hitler walipoifunga seminari mwaka 1937, kutafakari fungu la Maandiko kila siku, kuimba zaburi pamoja na kuungamana. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Sala zile hazikumzuia mnyongaji. Zilimwezesha kumkabili.

Hitimisho

Basi, tuwafundishe wanafunzi wetu kufunga? Ndiyo, tena zaidi ya tunavyofanya sasa. Sala ya asubuhi na jioni, fungu la Maandiko linalorudiwa mpaka likae moyoni, ungamo mbele ya ndugu ambalo Kanisa la Kilutheri halikulifuta kamwe, mfungo wenye kuishia katika sadaka kwa maskini: haya yote ni urithi wetu, na mchungaji asiyeyashika atakauka kabla hajafikisha miaka mitano madhabahuni. Lakini tuwafundishe kwa moyo wa watu waliokwisha kubatizwa. Tunajizoeza kwa sababu tumekwisha kupendwa, si ili risasi itupite.

Na mtu wa Kipatimu, awe Mkristo au Mwislamu, akituuliza maji yetu yana nguvu gani kushinda yale waliyokunywa babu zake, tumjibu kwa unyenyekevu. Tusimwambie kwamba yatamzuia asife. Tumwambie kwamba Yeye aliyetubatiza alikufa kwanza, na kwamba hatawaacha wafu wa Umatumbi walaumiwe kwa kufa kwao.